Kamati ya kuzuia watoto kunywa pombe imebaki na watu sita: ianzie wapi?

Katibu wa kamati ya lokesheni moja kaunti ya Kilifi, Pwani ya Kenya, ametuuliza hivi kwa ufupi: Wanafunzi wa gredi ya 8 walikutwa wamelewa kwenye matanga, na baraza la chifu likaunda kamati ya watu 40 kuzuia ulevi wa watoto. Misako ikafanywa, mangwe (vilabu vya pombe ya mnazi) zikafungwa, na baada ya siku chache zikafunguka tena. Shule zimehutubiwa. Siku hizi mikutanoni wanafika watu sita, na watoto bado wanakunywa. Wafanyeje ili muungano huo upate nguvu?

Ndugu katibu, watu sita wanatosha kuanzia. Uchache wa watu sio ulioiangusha kamati yenu. Ilipewa kazi isiyo na mwisho, "kupambana na pombe", na njia ya kuifanya ikawa msako. Wale 40 walikuwa na hasira ya kweli siku ile, lakini hakuna aliyetoka barazani akijua Jumatatu anatakiwa aende wapi, amwambie nani jambo gani. Nguvu ya soda haikosi kutulia.

Msako una kasoro mbili ambazo mmeshaziona. Kilifi mnazi, yaani pombe ya utomvu wa mti wa mnazi, ni karo ya shule. Unamlisha mwenye shamba, mgema, mama anayeuza na kijana wa bodaboda anayebeba mitungi. Mkitangaza kwamba mnafunga mangwe, mmewageuza maadui wazazi wale wale mnaowahitaji, na habari za msako zitafika mangweni kabla gari halijatoka kituoni. Tena mangwe ikifungwa, muuzaji anahamia uani kwake, nyumbani, ambako watoto wapo tayari na hakuna jirani anayeona.

Kwa hiyo punguzeni shabaha. Msigombane na mnazi wala na mlevi mzima. Semeni jambo moja: aliye chini ya miaka 18 asiuziwe, asipewe, asitumwe kununua. Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya 2010 iko upande wenu hapo. Inakataza kumuuzia au kumpa kileo mtu wa umri huo, na inamtaka mwenye leseni asimruhusu kuingia mahali pa kunywea. Hata mgema hodari atawaunga mkono kwa hilo, maana naye ana watoto. Na mara nyingi kikombe anachokunywa mwanafunzi kimepita kwanza mkononi mwa mtu mzima. Kazi ya kamati ni kujua mikono hiyo ni ya nani, halafu kuanza na mmoja.

Hapo ndipo kamati nyingi huruka hatua. Kila mtu anadhani anajua watoto wanapata wapi pombe, na kila mtu anataja mahali asipopapenda yeye. Waulizeni watoto wenyewe, kwa karatasi isiyo na jina. Ombeni ruhusa ya mwalimu mkuu na halmashauri ya shule, na mpelekeni kila mzazi barua fupi inayomruhusu kukataa. Chukueni gredi ya 7, 8 na 9 zote, msichague wanafunzi. Maswali manane yanatosha: uko gredi gani, wewe ni msichana au mvulana, umewahi kunywa pombe zaidi ya kuonja, umekunywa mara ngapi katika siku 30 zilizopita, mara ya mwisho ulikunywa nini, nani alikupa au alikuuzia, ulikuwa wapi, ilikuwa siku gani na saa ngapi. Maneno "zaidi ya kuonja" msiyaache, la sivyo mtahesabu hata aliyelamba kidole.

Mambo yanayoharibu zoezi hili ni yale yale kila mahali. Mwalimu anabaki darasani akizunguka, au anakusanya karatasi kwa mkono na kuzichungulia. Basi watoto wanaandika anachotaka kusoma. Mwalimu atoke, asimamie mtu asiyewafundisha, na karatasi zitumbukizwe kwenye sanduku lililofungwa, kama kura. Kwenye orodha ya vinywaji ongezeni jina moja la kubuni, kinywaji kisichokuwepo duniani. Anayedai amekinywa anajisifu, karatasi yake wekeni kando. Darasa likiwa na watoto wachache, chini ya 30 hivi, msitenganishe majibu ya wasichana na wavulana, kwa sababu watatambulikana. Na matokeo yakitoka, msitaje shule kwa jina barazani. Mkimwaibisha mwalimu mkuu mara moja, mwaka ujao hamtafunguliwa lango.

Wakati huo huo watu wawili wachore ramani. Shule zote, mangwe, maduka ya pombe kali, nyumba zinazojulikana kwa chang'aa, njia wanazopita watoto wakienda nyumbani. Pimeni umbali. Sheria ile ya 2010 haitaki mahali pa kuuza pombe pawe ndani ya mita 300 kutoka shule ya watoto, na mara nyingi kuna duka ambalo kila mtu analipita bila kujiuliza. Kwa maduka yenye leseni mnaweza pia kujaribu kama kitambulisho kinaulizwa. Msimtumie mtoto, hata kwa dakika moja. Tafuteni kijana wa miaka 19 au 20 mwenye sura changa, aingie, aombe pombe, na aone kama ataulizwa kitambulisho. Akihudumiwa bila swali asilipe, aondoke, na andikeni siku na saa. Hajavunja sheria na muuzaji hajavunja, lakini mmeshajua wangapi hawaulizi. Orodha hiyo ni ya kuzungumza na wenye maduka faraghani. Msiipeleke kwenye kundi la WhatsApp la kijiji.

Mkishapata majibu, andikeni sentensi moja inayojibu "kwa nini", halafu "kwa nini hapa kwetu". "Vijana wanakunywa kwa sababu ya utovu wa nidhamu" haifai, maana haikuambii ufanye nini kesho. Inayofaa huwa kama hii: "Wanafunzi wa gredi ya 8 na 9 wanapata mnazi kwenye disko matanga (muziki wa usiku kwenye msiba) usiku wa Ijumaa na Jumamosi, kwa sababu anayeuza anakaa gizani karibu na spika, na hakuna mtu mzima aliyepewa kazi ya kuwaangalia." Sentensi ya namna hiyo ina watu watatu wa kuendewa: mwenye spika, muuzaji na mzee wa nyumba yenye msiba.

Kwa sababu kisa chenu kilianzia matangani, nikae hapo kidogo. Marufuku ya disko matanga imetangazwa Pwani zaidi ya mara moja, na bado muziki unapigwa, kwa sababu disko lina kazi yake. Mazishi ni gharama, na muziki unavuta watu wanaochanga. Kamati inayokwenda kwa wafiwa na neno "marufuku" tu inawaambia wazike bila pesa. Nendeni na mpango wa mchango: ufanywe mchana, kuwe na mweka hazina anayejulikana, daftari linaloonekana na namba moja ya kupokea pesa kwa simu, na uishe kabla ya saa kumi na mbili jioni. Familia mbili tatu zikifanya hivyo na pesa zikapatikana, maneno yatasambaa yenyewe. Za kwanza ziwe familia zinazoheshimika, si zile zisizo na sauti.

Halafu mwendeeni mwenye spika. Nyumba zinazoweza kufikwa na msiba ni nyingi na wauzaji wa mnazi ni wengi, lakini wanaokodisha spika na jenereta katika lokesheni moja kwa kawaida wanahesabika kwa vidole. Hao ndio mlango mwembamba. Kaeni nao pamoja na chifu, mkubaliane mambo machache kwa maandishi: hawapakii vyombo bila karatasi ya ruhusa, saa ya kuzima muziki imeandikwa juu yake, taa inawashwa upande wanakokaa vijana, na pombe haiuzwi uwanja huo. Karatasi iwe na jina la mzee wa ukoo atakayekuwepo mpaka muziki uzimwe. Atakayevunja makubaliano, wenzake ndio wa kwanza kulalamika, kwa kuwa anawaharibia kazi. Udhaifu wa mpango huu ni kwamba spika zinaweza kukodishwa kutoka lokesheni jirani, kwa hiyo chifu wa huko naye aitwe tangu kikao cha kwanza.

Mangweni mambo ni tofauti kidogo. Huko tatizo kubwa huwa mtoto aliyetumwa: baba amekaa nyumbani, anampa mtoto mtungi na shilingi, mtoto anakunywa njiani na anaijua mangwe tangu ana miaka minane. Muuzaji akisema "ni wa baba yake" anadhani amejitetea. Mnachotaka kwake ni ahadi moja tu, kwamba mtoto hakabidhiwi mtungi, awe ametumwa na nani. Ahadi hiyo isainiwe na wauzaji wote wa kijiji siku moja. Ukimsainisha mmoja, wateja watahamia kwa jirani na atavunja ndani ya wiki.

Kuna imani nyingine nyumbani, kwamba mnazi mtamu, ule uliogemwa asubuhi, hauna kitu na unaweza kupewa mtoto. Si kweli. Utomvu huanza kuchachuka ukiwa bado juu ya mti, kwa sababu kibuyu cha kugemea hakiishiwi na chachu ya jana. Ladha ya sukari inaificha pombe, haiondoi. Kadiri saa zinavyokwenda sukari inageuka kileo, na wa jioni si wa asubuhi. Ujumbe huu msiupeleke kwa spika ya gari. Wapeni wahudumu wa afya ya jamii, wanaoingia majumbani kila mwezi na tayari wanasikilizwa na akina mama.

Sasa kuhusu watu wa kamati. Miongozo mingi inayozunguka imetoka Marekani, ambako sheria ya 1997 ya kufadhili miungano hii inataka wawakilishi wa sekta 12, kuanzia wazazi na polisi hadi vyombo vya habari. Kwa lokesheni yenu sioni haja ya kujaza viti 12. Tafuteni watu 9 hadi 11, na kila mmoja awe na kitu anachoweza kukifungua au kukifunga: naibu wa chifu, mwalimu, mhudumu wa afya, imamu na mchungaji, mzee wa kaya au wa ukoo, mwakilishi wa bodaboda, wazazi wawili wasio viongozi wa chochote, kijana wa miaka 18 hadi 22. Mwakilishi wa wagema aingie pia, ila asipige kura kuhusu leseni wala kuhusu nani ashtakiwe. Pesa za kampuni za pombe msizipokee, hata kama ni fulana za mchezo wa mpira. Watoto wenyewe waulizwe na wasikilizwe, lakini msimfanye mwanafunzi yeyote kuwa mpasha habari. Akigunduliwa, nyinyi hamtakuwa naye usiku.

Kila kiti kiandikiwe karatasi ya ukurasa mmoja: jina, wa kumwakilisha asipofika, kazi moja anayoifanya na tarehe. Mkutano uwe mara moja kwa mwezi, siku ile ile, usizidi saa moja na nusu. Muhtasari uwe na safu nne tu: jambo, mhusika, tarehe, limefanyika au la. Anzeni kila mkutano kwa safu ya nne. Asiyefika mara tatu mfululizo kiti chake kinapewa mwingine, bila ugomvi. Watu hawachoshwi na kazi kama wanavyochoshwa na vikao ambavyo kazi haionekani.

Mtaulizwa kuhusu posho, jibuni mapema. Kamati inayolipana posho ya kikao hufa siku mfadhili anapoondoka. Rudisheni nauli kwa anayetoka mbali, toeni chai, basi. Gharama zenu za kweli ni nakala za karatasi, salio la simu na nauli ya kwenda makao ya kaunti ndogo. Hata hivyo sajilini kikundi kwenye ofisi ya Maendeleo ya Jamii, kwa sababu barua ya kikundi kilichosajiliwa hupokelewa kwa uzito mwingine.

Uzito huo mtauhitaji kwenye leseni. Tangu ugatuzi, leseni za pombe ni kazi ya kaunti, na leseni ni ya mwaka mmoja. Maana yake kila mwaka kuna dirisha la kupinga, na wengi hawajui limefunguliwa lini. Mtu mmoja apewe kazi ya kwenda kuuliza ofisi ya kaunti ndogo tarehe za maombi, za pingamizi na za kusikilizwa. Barua ya pingamizi iwe fupi: jina la biashara, umbali wake kutoka shule kwa mita, ramani mliyoichora, tarehe mlizoona watoto wakihudumiwa, na majina ya wakazi wazima wenye namba za vitambulisho. Maneno kama "duka hili linaharibu maadili" hayasaidii kitu mbele ya kamati ya leseni. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri mrudi nayo. Bila muhuri, barua "haikuonekana". Na mkishinda, subirini mwezi mmoja mkapite tena, maana duka hufungwa mbele likauza dirishani nyuma.

Polisi msiwaombe msako. Waombeni doria ya usiku fulani, mahali fulani, kwa saa fulani, kwa kutumia kalenda yenu ya matanga. Ombi dogo na lenye tarehe ni rahisi kulifuatilia, na ni vigumu kulinunua. Wanakamati wenyewe wasikamate mtu, wasimwage pombe ya mtu, wasichukue faini. Siku mwanakamati mmoja atakapopokea kitu kidogo mangweni, muungano wote umekwisha, hata kama wengine kumi ni safi. Andikeni jambo hilo kwenye kanuni zenu kabla halijatokea.

Shuleni nitapita haraka. Hotuba peke yake hazibadilishi unywaji, na kuwatisha kwa picha za ini lililooza hakusaidii. Kumfukuza mwanafunzi aliyelewa kunamrudisha moja kwa moja karibu na pombe, tena mchana kutwa. Mwalimu awe na utaratibu ulioandikwa: mzazi anaitwa siku hiyo hiyo, mtoto anaonana na mshauri, anabaki shuleni.

Je, haya yanafanya kazi? Jaribio lililofanywa katika jamii 15 za Minnesota na Wisconsin miaka ya 1990 liliwalenga watu wazima wanaouza na kutoa pombe, likaacha kuwahutubia vijana. Mabadiliko yalionekana zaidi kwa wauzaji na kwa vijana wa miaka 18 hadi 20, ambao huko bado ni wadogo kisheria, kuliko kwa wanafunzi wa sekondari. Iceland nako, walioulizwa wakiwa na miaka 15 na 16 na kukiri kulewa mwezi uliotangulia walikuwa asilimia 42 mwaka 1998, na asilimia 5 mwaka 2016. Wengi husifu michezo iliyogharamiwa na serikali, lakini wanasahau kwamba watoto waliulizwa kwa karatasi mwaka baada ya mwaka, na kila mtaa ukapewa majibu yake. Hiyo ni kazi ya miaka 18. Nyinyi msiahidi barazani kumaliza tatizo kufikia Desemba.

Ahidini vitu vinavyohesabika. Kila mwezi: matanga mangapi yamefanyika, mangapi yalikuwa na karatasi ya ruhusa, mangapi muziki ulizimwa kwa saa yake, wauzaji wangapi wamesaini, wangapi wamevunja. Baada ya miezi 12, maswali manane yale yale, gredi zile zile, mwezi ule ule wa muhula. Mkiuliza Machi mwaka huu na Septemba mwaka ujao, mara tu baada ya likizo ya Agosti, mtakuwa mnapima likizo.

Kwa mwezi ujao, nyinyi sita mgawane hivi: wawili shule na karatasi ya maswali, wawili ramani, mmoja tarehe za leseni, na wewe katibu uwatafute wenye spika. Wale 34 msiwaite bado. Waiteni mkiwa na majibu ya watoto mkononi, na kwa kila jina muwe na karatasi ya kazi tayari.

Jambo moja la dharura, kwa sababu doria za usiku zitawakutanisha nalo. Mtoto aliyelewa hadi haamki akiitwa, au anapumua kwa kukatika, au amekuwa wa baridi, msimwache alale ulevi umtoke. Mlazeni kwa ubavu, msimtapishe, msimpe maziwa wala kahawa, na apelekwe hospitali mara moja akiwa na mtu wa kumshika njiani. Kwa mtoto ambaye ameshaizoea pombe, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na mihadarati, ni 1192. Jina lake liishie kwa mwanakamati mmoja na mzazi, lisiingie kwenye muhtasari.